Chini ya Sifuri

Jibu lilitoka chini ya sifuri.

Hileni alilisoma tena. Kwa miaka mitatu, darubini za hapo kwenye milima ya Khomas zilikuwa zikilielekea kundi moja la galaksi, zikitafuta miali ya gama, nuru kali isiyoonekana kwa macho. Saa themanini za giza lisilo na mwezi. Leo asubuhi jibu lilifunguliwa mbele ya wote, na kwa desturi yao hufunguliwa mara moja tu. Kila uamuzi hutiwa saini kabla. Baada ya hapo, hakuna kurekebisha.

Saa zake za darubini za mwakani zilitegemea jibu hilo. Bila hizo, shahada yake ya uzamivu isingekamilika.

Uwe, mtafiti mwenzake aliyezitaka saa hizo kwa ajili ya nyota zake, alikoroga kahawa.

"Dada, sifuri ningeielewa. Lakini chini ya sifuri? Kundi lako linameza nuru?"

Watafiti wengine wawili walicheka, kisha wakaacha walipomwona mkuu wao, Tate Nangolo, yaani Baba Nangolo, akivua miwani.

Mzee aliuliza, kwa upole unaouma, kama Hileni alikosea kutoa. Maana kazi yao ni kutoa: huhesabu miali inayotoka upande wa kundi, kisha hutoa wastani wa ile ya kona nne za anga tupu zilizo kando yake. Hileni alijibu kwamba alitoa sawasawa. Uwe mwenyewe ndiye aliyezikagua kona zile na kuthibitisha kuwa hazina kitu.

"Basi kundi lako limeshindwa na anga tupu, Meme Hileni," alisema mzee, akimwita mama kwa heshima. "Mwakani Uwe atachukua saa zako."

Hileni hakubisha. Katika sala ya alfajiri hakuwa ameomba kupata jibu zuri. Alikuwa ameomba asije akadanganya. Akauliza tu kama anaweza kuonyesha ukurasa wa mwisho, wa kona mojamoja, ili kumbukumbu zikamilike.

Kundi la galaksi: miali mia nne na moja.

Kona ya kwanza: mia nne na sita. Ya pili: mia tatu tisini na nane. Ya tatu: mia nne na mbili.

Uwe alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Kona ya nne, tupu kwa saini ya Uwe: elfu moja na mia tisa.