Mzee Tahir Ajifelisha

Kwa mara ya tatu, Mzee Tahir alijifelisha kwa makusudi. Kiingereza alikijua vilivyo. Alikisema melini miaka ishirini na tano. Lakini kwenye mtihani kile kijineno "to" alikiruka kila mahali: "I want go", "I hope see". Akakabidhi karatasi yake kwa Mwalimu Nasima Usi, macho chini.

"Mzee wangu, si tulishasema?" Nasima akamwambia kwa upole. "Want to go. Hope to see. Wenzako washafahamu."

"Kichwa kizito, mwalimu. Ntarudia darasa."

Wenzake wakacheka. Darasa zima liliamini kuwa mzee kampenda mwalimu. Nani apige pasi kanzu na kukaa mstari wa mbele kwa ajili ya sarufi? Tahir aliwaacha wacheke. Akifaulu angehamishiwa darasa la juu, kwa mwalimu mwingine, asimwone tena Nasima. Hilo asingeliweza.

"Safari hii hakuna kurudia," Nasima akasema, akiona haya. "Ijumaa naolewa. Halafu nnakwenda kuishi Maskati."

Wanawake wakapiga vigelegele. Tahir alihisi moyo unamchanika. Akajikaza, akauliza, "Nani anakuozesha, mwalimu?"

"Ami yangu Kheir. Baba alikufa maji mie bado mchanga."

"Mungu amrehemu," akajibu Tahir. Nyuma yake watu wakakonyezana.

Baada ya sala ya alasiri alikwenda mtaa wa Malindi, akabisha hodi kwa Kheir. Kheir alifungua, akamtazama, rangi ikamtoka. Akamvuta ndani haraka na kufunga mlango.

"Umekuja kuivunja ndoa?"

"Hasha."

"Basi umefuata nini? Mtoto ana furaha yake. Muache aende zake, nakuomba. Hana habari yako."

"Wala asiwe nayo," akasema Tahir. "Lakini nimesoma kwake kila siku mwaka mzima, Kheir. Sitaki aingie nyumbani kwa mumewe na ndoa yenye kasoro."

Tahir akamshika mkono wa kulia, akaukaza. Machozi yalimchuruzika ndevuni na hakuyafuta.

"Mdogo wangu," akasema, "baba akiwa hai, ami haozeshi bila idhini yake. Mimi, Usi bin Pandu, nakuwakilisha umuozeshe mwanangu Nasima."