Zimwi la Hatua ya Mwisho

Zimwi lilipotokea kwenye skrini kubwa, ukumbi mzima wa Takoradi uliangua kicheko. Araba peke yake hakucheka. Zimwi lile lilikuwa mama yake.

Lilikuwa na kitambaa cha zambarau kichwani, mwiko wa kusongea ugali wa kenkey mkononi, na moto liliouchochea kwa michoro ya mtoto. "Miguu ya bata wewe!" lilinguruma kwa sauti nzito iliyopitishwa kwenye mashine. "Kuchora kutakulisha?"

Kwa miaka tisa Araba na Ekow walitengeneza michezo ya video pamoja. Yeye akichora, Ekow akiandika programu. Na walikuwa na desturi yao: hatua ya mwisho ya kila mchezo, mmoja huitengeneza peke yake na kumficha mwenzake mpaka siku ya kuuonyesha mchezo. Safari hii ilikuwa zamu ya Ekow.

Ekow huyo huyo ndiye mtu pekee aliyejua habari ya michoro ya Araba ambayo mama yake aliichoma, na kwa nini hajakanyaga kwao mwaka wa saba huu.

"Mbona lenyewe halipigi?" mchezaji alilalamika jukwaani, akilitandika zimwi. "Linatukana tu!"

Araba alimburuta Ekow nyuma ya pazia.

"Kidonda changu ndicho umekifanya kichekesho?"

"Chale, rafiki yangu, tulia kwanza..."

"Usiniite chale! Nilikupa siri, ukaitia mnadani. Na hiyo ya miguu ya bata hata sikukwambia. Umeitoa wapi?"

Ekow alitazama chini. "Nilikatazwa kusema kabla hujaicheza hatua hii."

"Siichezi! Kesho nakuja kuchukua michoro yangu yote. Mimi na wewe basi."

Hakuwa anatania. Mama alimuumiza kwa hasira za siku moja. Huyu alikaa miezi mizima akipanga, huku wanakula sahani moja.

Ekow alifungua kompyuta yake, akaitafuta sauti ya zimwi kabla haijapitishwa kwenye mashine, akambandika Araba spika za masikioni.

Kilianza kikohozi. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, yenye woga.

"Ekow, mwanangu, mzazi hamwombi mtoto msamaha. Kwetu halijapata kuonekana. Nitie tu humo kwenye mchezo wenu, Araba anipige mpaka aridhike."