Bangili ya Bi Mwanasiti

Kila aliyetimiza miaka sitini alivishwa bangili ya kumchunga, na bangili hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa nyumbani. Bi Mwanasiti alikuwa bandarini Tanga na mashoga zake, wakila pweza na kutaniana, bangili yake ilipoamuru: "Bibi, kaa mbali na maji."

"Mimi bibi yako?" akaiuliza, akaivua na kuitupa baharini. Mashoga wakapiga vigelegele. Akashuka ngazi za gati, akaogelea mpaka akatosheka.

Jioni alirudi kanga ikimchuruzika. Mlango haukumtambua. Akaugonga kwa ngumi. "Saumu! Ni mamako, nifungulie!"

"Nafunguaje, mama?" binti yake alijibu kutoka ndani, akihangaika. "Sijawahi kufungua kwa mkono."

"Basi jifunze leo," alisema Bi Mwanasiti, akaketi barazani. "Mimi bangili nyingine siendi kuiomba."