Sauti ya Kiduchu

Kabla ya kuingia chumba cha kurekodia, Khole alimkabidhi mama yake kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo.

"Usikifungue mbele za watu, Mama," alinong'ona. "Nikitoka nnakitaka."

Bi Masouda akakitia mkobani bila ya kuuliza. Khole akapanda kwenye kile kiti kirefu, miguu ikaning'inia, akaanza kujizungusha. Kiti kinazunguka, nani angejizuia?

"Khole! Tulia, utadondoka," mama yake akamkaripia mlangoni. "Na chooni umekwenda?"

"Nimekwenda, Mama."

Mlango ukafungwa.

Ilikuwa siku ya mwisho. Nadra, mwenye studio, alikuwa akitia sauti za Kiswahili kwenye katuni ya Krismasi itakayooneshwa Afrika Mashariki, ya kutazamwa na familia nzima. Panya wanakwenda kula sikukuu kwa jamaa zao, mvua inawanyeshea njiani, na Kiduchu, mwana-panya wa miaka sita, anapotezana na mama yake. Sauti zote zilipatikana mapema isipokuwa ya Kiduchu. Nadra alijaribu watoto kumi na mmoja, mtaa kwa mtaa, kuanzia Mabela mpaka Bustan. Watoto wa Maskati wa leo Kiarabu kinawatiririka, Kiingereza ndiyo usiseme, lakini Kiswahili chao kinachechemea. Cha Khole kilikuwa cha jikoni kwao, kimenyooka, na kwa vile mbele hana meno, kila neno lilitoka na upepo wake. Mteja aliposikia jaribio lake alicheka mpaka akakohoa. "Huyohuyo," alisema.

Bi Masouda ndiye aliyeleta shida kidogo. "Krismasi sisi inatuhusu nini?" aliuliza siku ya kwanza. Aliposimuliwa kisa chote akalainika. "Haya. Mradi panya wenyewe hawali nguruwe. Lakini mwanangu haji peke yake. Huyu ndiye kitindamimba wangu."

Tangu hapo wakawa wanakuja pamoja kutoka Al Amerat, na chupa yao ya chai ya maziwa.

Nadra alikuwa na desturi yake ya kazi: ukishavaa hedifoni huna jina lako tena, unaitwa kwa jina la katuni, usije ukatoka ndani yake.

"Kiduchu, umebaki ukelele mmoja tu," alisema. "Mvua kubwa, umegeuka, mama hayupo. Muite."

"Mama!" aliita Khole, kwa furaha, kama kaona sahani ya sambusa.

Wakarudia. Mara ya tatu alicheka. Mara ya sita aliita kwa ukali, utadhani mama ndiye aliyekosa. Mara ya tisa alijaribu kulia, ikatoka chafya. Sababu ilikuwa wazi. Kila akiinua macho anamwona Bi Masouda ng'ambo ya kioo, kakaa na mtandio wake, anamtolea macho na kumwashiria anyooshe mgongo. Mtu anayekukaripia humlilii kwamba amepotea.

Saa nane na nusu ikapiga. Mteja alitaka kazi yake kabla ya alasiri. Ikikosekana, Kiduchu atapewa mtu wa Mombasa. Na Khole alikwishautangazia ukoo mzima kwenye kundi la simu kwamba Krismasi hii waitafute sauti yake. Machozi yalianza kumlenga, lakini yalikuwa ya aibu, na hayo katika filamu hayakuwa na nafasi.

"Bi Masouda, mwanao kachoka," alisema Nadra. "Labda tuache."

"Hajachoka. Nnamjua mwanangu." Bi Masouda akamsogelea sikioni. "Akiinama kutazama karatasi yake, we washa mitambo, unyamaze."

Khole akainama. Bi Masouda akajiinua taratibu, akashika ukuta, akatoka zake ujiani.

Khole akainua macho. Kiti kitupu. Mkoba upo, mwenyewe hayupo.

"Mama?"

Akageuza kiti huku na huku.

"Mama! Mama, uko wapi? Usiniache, Mama!"

Yazan, fundi wa mitambo, ambaye Kiswahili hakijui hata salamu, aligeukia ukutani akajifuta macho. Nadra alisahau kuzima. Ndiyo maana ndani ya katuni, baada ya ule ukelele, unasikika mlango ukifunguliwa kwa kishindo.

Khole alimkuta mama yake ujiani, kasimama, anatabasamu. Akamkumbatia, akakataa kumwachia.

"Nlikuwa hapahapa, mjinga we," alisema Bi Masouda. "Ulidhani nnakwenda wapi?"

Khole alijua alidhani anakwenda wapi, akazidi kumkaza.

"Kiduchu, khalas! Tumeipata!" Nadra alikuja mbio na sahani ya halua, na Yazan nyuma yake akipiga makofi. Khole akaanza kucheka, kisha wote wakacheka, na halua ikaliwa palepale wamesimama. Bi Masouda alijipigia vipande vitatu na kusema haikukolea iliki.

Ulipofika wakati wa kuondoka, akaingiza mkono mkobani akatoa kile kitambaa. Khole akawapa watu mgongo, akafungua fundo, akatoa meno yake ya bandia, akayapachika sawasawa.

Nje, Hatem, aliyewaleta, alikuwa keshafungua mlango wa gari.

"Umemaliza, Bibi?" Hatem akamuuliza Khole.

"Nimemaliza, mjukuu wangu. Mpandishe mama kwanza."