Vua Mabuti

Bwana wa dawa alisimama bwawani na mabuti yake ya mpira, akawatangazia wanawake kwamba konokono wanaoleta kichocho wamekufa wote kwa dawa aliyoimwaga humo. Sasa wafue, waogeshe na watoto.

Wengine walishaanza kukaza kanga. Bi Sikitu alibaki ukingoni, amemshika mkono mjukuu wake, Tunu, aliyekuwa akikojoa damu msimu uliopita.

"Wamekufa wote?"

"Wote, mama. Wallahi."

"Usimtaje Mungu upesi hivyo. Vua mabuti, uingie wewe kwanza."

Wanawake wakaangua kicheko. "Leo umepatikana, baba!"

Naye akacheka. Akatoka majini, akaketi kwenye jiwe la kufulia, akavua buti moja, kisha soksi, polepole kama anayebandua plasta kwenye kidonda. Akaunyoosha mguu juu ya maji. Ukabaki hapo hapo, hewani.

Kicheko kikakatika.

Bi Sikitu alimvuta mtoto nyuma yake. Chini ya ule unyayo, kwenye jani la yungiyungi, konokono mdogo kama punje ya hindi alikuwa akitoa pembe zake, moja, halafu nyingine.