Mvua ya Agosti

Mlinzi alipiga kelele tena, na Balagizi akatazama juu. Mbingu kavu, hata kipande cha wingu hakipo.

"Bambo! Mvuu! Mvuu!"

Mlinzi alikuwa ukingoni mwa bwawa, mzee asiye na meno ya mbele, akimwita bambo, yaani bwana, huku akigonga bati kwa fimbo. Balagizi, majini ndani ya mtumbwi mwembamba wa kayaki, alisonya. Siku tatu sasa, kelele zile zile.

Siku ya kwanza alitii. Alipiga kasia mbio, akaivuta kayaki nchi kavu, akakaa saa nzima ndani ya jaketi lake la kujiokolea akisubiri mvua. Halikudondoka tone. Siku ya pili alitii pia, ingawa perege walikuwa wameanza kugusa chambo. Akarudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ndoo tupu mkononi.

"We tena mikono mitupu?" mkewe Cécile alimuuliza.

"Ni ule muzee wa pale. Kila nikianza kupata samaki, analia mvua. Eti mvuu, mvuu!"

Cécile aliuza maandazi sokoni, na kwa miezi minne waliyokaa Malawi alishaokota Kichewa kidogo. "Hapa mvua banaita mvula," alisema. "Sasa ye meno hana, neno inamukatikia mu kinywa. Ni mvua tu anataka kusema."

"Anaogopaka mvua sawa paka!"

Cécile alicheka. Balagizi hakuweza. Robert, mwenye bwawa, alitaka mtu wa kuwapeleka wageni wake kuvua kwa kayaki. Alimpa siku tatu za kujifunza na masharti machache, kwa Kiingereza chepesi: jaketi mwilini muda wote, filimbi shingoni, usisimame, mlinzi akikuita, toka majini. Ijumaa saa sita angekuja kutazama ndoo. Ikiwa na samaki, kazi ni ya Balagizi. Ikiwa tupu, Cécile ataendelea kuwalisha wote kwa maandazi yake.

Na leo ilikuwa Ijumaa, saa tano na nusu.

Si kwamba alikuwa mzembe. Kwao Bukavu alikuwa fundi cherehani, na jaketi hilo alilishona mwenyewe, sponji ya godoro ndani ya nailoni, mshono mara tatu. Alikua akiona Ziwa Kivu likimeza watu, na kila mara ilikuwa upepo na mvua. Mvua aliiheshimu. Lakini mvua gani hii isiyonyesha?

"Mvuu! Mvuu!"

Sasa mzee alikuwa anarukaruka. Aliingia majini hadi vifundoni, akatoka mbio, akaligonga bati mpaka likakunjika. Balagizi alihisi machozi ya hasira. Mtu mzima, anataka kumnyima mwenzake kazi kwa sababu ya matone ya maji!

"Nyamaza, muzee!" alifoka. "Mvua iko wapi? Nionyeshe!"

Mzee akanyoosha fimbo. Hakuinyoosha juu. Aliielekeza kwenye maji, hapo hapo mbele ya kayaki.

"Hata kuonyesha hajui," Balagizi alinung'unika, akampa kisogo.

Ndipo uzi wa ndoana ukakazika.

Hatimaye! Alikaa imara kama alivyojifunza, miguu ameibana huku na huku, akavuta taratibu. Kitu kilikuwa kizito, kizito kweli, na kilikuwa kinakuja chenyewe. Huko juu gari la Robert lilikuwa linateremka kwenye vumbi, na Balagizi akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mwache aone kwa macho yake. Kazi imepatikana.

Maji yakavimba. Yakatoka masikio mawili, kisha macho, kisha kiboko mzima, mvuu mwenyewe, akafungua kinywa.