Mgeni Kutoka Ng'ambo ya Mto

Kufika saa mbili asubuhi Anatolia alikuwa ameshaficha patasi sita, misumeno miwili, tezo na randa. Alivirundika vyote nyuma ya magunia ya kahawa, akavifunika kwa majani ya mgomba.

Mumewe, fundi seremala Kahigi, aliingia amekunja mikono ya shati.

"Mama Salvina, patasi zangu ziko wapi?"

"Leo hakuna kazi. Wanakuja wakwe."

"Mlango wa watu haujaisha."

"Patasi leo hushiki. Kaa chini nikwambie kitu."

Sasa, ili uielewe hofu ya mama huyu, lazima umjue Kahigi. Pale Kanoni huwezi kuchukua hata kigoda kwake bila kusimuliwa vita kwanza. Mwaka sabini na tisa alivuka mpaka, akapoteana na kikosi chake, na ndani ya shamba la migomba akakutana uso kwa uso na askari wa adui. "Nikammaliza kwa mikono hii," husema, huku akipuliza maranda. Watu wamesikia mara mia, wanajua mpaka mahali pa kushtuka. Na kila Novemba humwandikishia adui huyo misa ya marehemu. Wanakwaya wanasema, jamani, huyo ndiye mwanamume, anaua na anaombea.

Anatolia alimsogezea kigoda. "Babu yake Benjamin ndiye aliyemlea, kwa hiyo ndiye anayekuja kumposea. Na alikuwa askari. Wa upande ule."

Kahigi alikunjua mikono ya shati.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na hamkuniambia!"

"Tungekuambia, ungekubali?" Aliyesema ni Joyness, mjukuu wao anayeposwa, amesimama mlangoni, macho mekundu. "Babu, nakuomba. Kwa Benjamin nimefika. Mkigombana leo, mimi siolewi tena na mtu."

Kahigi alimpenda mjukuu huyu kupita kiasi. "Haya. Sitafungua mdomo."

Wageni walifika saa nane, Noah mbili kutoka ng'ambo ya mto. Mzee wao ana mguu mbovu, kwa hiyo alibaki garini kwanza apumzike, na Anatolia alishukuru kimoyomoyo. Mshenga Projestus, mtu wa kufuata taratibu mpaka anachosha, akaanza maswali yake. Ukoo? Mbalimbali. Mwiko wa ukoo? Mbalimbali.

"Na udugu wa kuchanjiana damu? Maana waliochanjiana, vizazi vyao ni ndugu. Hawaoani, hata aje askofu."

Salvina, shangazi wa bibi harusi, aliangua kicheko. "Sisi na hao, Projestus? Enzi zile tulikuwa tunapeana mabomu!"

Nyumba nzima ikacheka, wageni nao. Hata Kahigi alitabasamu kidogo. Projestus akaendelea na mambo mengine.

Ndipo mzee akaingia, Benjamin akimshika mkono. Alivuka kizingiti, akamwona Kahigi, akasimama pale pale.

Kahigi naye akainuka. Anatolia alimkamata koti, koti likabaki mkononi mwake. Joyness akafumba macho. Mama yangu, yametimia!

Wazee wawili wakatazamana. Kisha wakakumbatiana, wakalia kwa sauti kama watoto waliopoteana sokoni.

"Uko hai!" Kahigi alikuwa anasema. "Byaruhanga, uko hai! Niliambiwa mlipigwa wote pale barabarani!"

Akawageukia watu, uso umelowa. "Sikuua mtu. Nilidanganya, nisameheni. Yeye alipotea, na mimi nilipotea. Tulijificha siku nne kwenye shamba moja, tukila ndizi mbivu, tukijifunika blanketi moja."

Anatolia alipiga vigelegele mpaka sauti ikakwaruza. Miaka yote hiyo alidhani analala na muuaji, kumbe aliolewa na mwongo tu! Alijisikia mwepesi, akataka kucheza. Joyness alimrukia Benjamin mbele za watu, bila aibu, kwa sababu sasa harusi ilikuwa imekaa sawa. Nje vijana wakaanza kushusha kreti za soda na mbuzi.

"Na bado hamjasikia lililo tamu," alisema mzee Byaruhanga akifuta machozi, mkono mmoja begani kwa Kahigi. "Siku ya kuachana tulichuma tunda moja la kahawa. Punje moja yake, punje moja yangu. Tukajichanja kitovuni, kila mtu akameza punje yenye damu ya mwenzake."

Vigelegele vikakatika.

Projestus alimtazama Joyness, akamtazama Benjamin, kisha akatoka nje walikokuwa wale vijana.

"Rudisheni vitu garini," akasema.